Mwanangu, kabla hujalipia nyumba ya huko mbali

Mwanangu,

Swali lako nimelipata. Unataka kujua uchukue kipi: chumba na sebule karibu na katikati ya jiji, ambako kodi inameza karibu nusu ya mshahara, au nyumba ya vyumba vitatu kitongoji cha mbali, kilomita 28, kwa nusu ya kodi hiyo. Kazini unatakiwa saa mbili kamili asubuhi, unatoka saa kumi na moja jioni, gari bado huna. Na dalali amekuhakikishia kwamba huko mbali ni "dakika arobaini tu."

Tuanze na hizo dakika arobaini, maana ndizo zinazowaponza wengi. Dalali huenda hakudanganya. Dakika arobaini zipo, ila ni za Jumapili saa nne asubuhi, barabara tupu, tena zimehesabiwa kutoka kituo hadi kituo. Wewe hulali kituoni. Safari yako inaanza pale unapofunga mlango wa nyumba na kuisha unapovuta kiti kazini, na humo katikati mna kutembea, kusubiri, kubadilisha gari, kutembea tena. Kilomita usizihangaikie. Kilomita 28 za reli zinaweza kuwa fupi kuliko kilomita tisa za barabara yenye daraja moja.

Kabla ya kupima, ujue unachokipima kina thamani gani. Siku tano kwa wiki, wiki 48 kwa mwaka, ni siku 240 za kazi. Ukiongeza dakika moja ya kwenda na moja ya kurudi, kwa mwaka ni dakika 480, yaani saa nane. Hiyo ni siku nzima ya kazi. Kwa hiyo kila dakika unayoiongeza kwa upande mmoja unailipia siku moja ya kazi kila mwaka, bila ujira. Kitongoji kinachokuzidishia dakika 25 kwenda na 25 kurudi kimekuchukulia siku 25, mwezi wa kazi na ushee. Iandike hiyo pembeni ya kodi, kisha ndipo useme kipi rahisi.

Na fedha zenyewe zihesabu zikiwa pamoja. Watu wengi wamezoea kwamba kodi isizidi asilimia 30 ya kipato. Shirika la Center for Neighborhood Technology la Chicago limekuwa likitumia kipimo chenye busara zaidi: kodi na usafiri vikijumlishwa visizidi asilimia 45. Sababu ni kwamba nyumba ya mbali hupunguza kodi kwa mkono mmoja na kuongeza nauli kwa mwingine. Ukihitaji magari mawili kufika, hizo ni nauli nne kwa siku, na kwa siku 22 za mwezi ni nauli 88. Ongeza pikipiki ya kutoka barabarani hadi nyumbani siku za mvua au ukichelewa, na teksi ya siku mbili tatu ambazo kazi imekuweka hadi usiku. Nyumba ya karibu nayo ihesabu vivyo hivyo, usiihurumie. Kwako wewe kodi pekee ni karibu nusu, kwa hiyo hata hiyo imekwisha kuvuka mstari kabla ya nauli.

Sasa kupima. Usipime kwa ramani ya simu peke yake. Ramani inajua foleni, lakini haijui kwamba gari limefika limejaa. Nenda mwenyewe, asubuhi tano, zikiwemo Jumatatu moja na siku moja ya mvua kama msimu unaruhusu. Epuka wiki za likizo ya shule, maana barabara hupungua magari na utapata namba za kukufurahisha bure. Kama unaweza, lala kwa rafiki huko huko. Kama huwezi, fika mapema usimame mlangoni mwa nyumba unayoitaka, ndipo uanze kuhesabu. Chukua karatasi uandike kila kipande. Ukurasa mmoja utafanana na huu:

Mlangoni 12:05. Kituoni 12:14. Gari la kwanza limepita limejaa 12:19. Nimepanda 12:27, nimesimama. Darajani 12:46. Tumetoka darajani 1:03. Nimeshuka mjini 1:14. Gari la pili 1:22. Mezani 1:33.

Jumla ni dakika 88. Tazama lakini zilivyogawanyika. Ndani ya gari la kwanza umekaa dakika 47, si mbali na zile za dalali. Dakika 22 zimekwisha kabla hujapanda, na 19 zimekwisha baada ya kushuka. Ndizo dakika 41 ambazo hakuna anayezitangaza. Na daraja peke yake limekula 17, kwa hiyo umeshajua ugonjwa uko wapi.

Ukishapata siku tano, usichukue wastani. Tuseme umepata dakika 74, 78, 81, 88 na 103. Wastani ni kama 85, na ukitoka nyumbani dakika 85 kabla ya saa mbili, umechelewa siku mbili kati ya tano. Bosi hakusubiri kwa wastani. Namba yako ni 103: unatoka mlangoni saa kumi na mbili na dakika 17 kila siku, na siku njema unafika nusu saa kabla ya wengine ukae unatazama ukuta. Kitongoji chenye dakika 70 zisizobadilika kinashinda chenye dakika 55 ambazo zinaweza kugeuka 110 bila taarifa.

Kuhusu kusubiri kituoni, kuna jambo wengi hawalielewi wakadhani wana mkosi. Tuseme mabasi manne hupita kwa saa. Yakija kwa mpangilio, kila baada ya dakika 15, ukifika kituoni bila kuangalia saa utasubiri wastani wa dakika saba na nusu. Lakini mabasi hayaendi hivyo. La mbele likichelewa kidogo, linakuta abiria wengi zaidi kituoni, linakawia kuwapakia, linazidi kuchelewa. La nyuma linakuta vituo vimeshazolewa, linakimbia hadi kulifikia. Yanaishia kutembea mawili mawili. Sasa ni yale yale manne kwa saa, ila yanaachana kwa dakika 5, kisha 25, kisha 5, kisha 25. Mapengo makubwa mawili yamechukua dakika 50 kati ya 60, kwa hiyo mara tano kati ya sita utaangukia ndani ya pengo kubwa. Wastani wa kusubiri umepanda hadi karibu dakika 11, na siku mbaya ni 25. Kwa hiyo usiulize tu "magari mangapi kwa saa." Simama kituoni kuanzia saa kumi na mbili hadi saa moja na nusu, andika kila linapofika, na weka alama kwa lililokuwa na nafasi.

Nafasi ndiyo inayonileta kwenye kitu ambacho hukukitaja: mahali gari linapoanzia. Kitongoji kilicho katikati ya njia kinaonekana bora kwa sababu ni karibu zaidi, kumbe asubuhi magari yanafika yamefurika, na watu wake wanalazimika kupanda yanayorudi nyuma hadi mwanzo wa njia ili wageuze nayo na kupata kiti. Wanalipa mara mbili na kusafiri zaidi ya yule anayeishi mwisho wa njia. Dakika 50 umekaa, unaweza kusoma au kusinzia. Dakika 35 umesimama mguu mmoja, mkono umeshika bomba, hazina faida yoyote. Ukipata mwanzo wa njia fupi, kilomita 12 au 15 hivi, au kituo cha treni ambako treni yenyewe inaanzia, hapo ndipo ningekushauri utazame kwanza.

Halafu tazama kitongoji kinatokaje. Hesabu njia za kufika mjini ambazo hazikutani kabla ya mji. Njia mbili zinazoingia kwenye daraja lile lile ni njia moja. Makutano ya reli, mzunguko mmoja mkubwa, barabara inayopungua kutoka njia tatu hadi mbili: hapo ndipo pa kuangalia. Njia moja ya barabara kuu, yaani safu moja ya magari, mambo yakiwa mazuri, hupitisha magari kama 2,000 kwa saa. Ikikaribia hapo, mtu mmoja akikanyaga breki anawasimamisha walio nyuma, na foleni inaendelea hata baada ya yeye kuondoka. Ndiyo maana kutoka dakika 20 mapema huweza kuokoa zaidi ya dakika 20, na kutoka dakika 10 baadaye kukugharimu 30. Katika zile siku tano, badilisha saa ya kuondoka angalau mara mbili uone ukingo uko wapi. Lori moja likiharibika darajani, kitongoji chenye reli na barabara kinabaki na mlango. Chenye barabara peke yake kimefungwa.

Dalali atakwambia pia barabara mpya inakuja. Inaweza kuja kweli. Lakini mwaka 1962 mchumi Anthony Downs alieleza kwamba katika barabara kuu za mijini, foleni za saa za kwenda na kutoka kazini hupanda hadi kuujaza uwezo wa barabara. Njia ikipanuliwa, waliokuwa wakitoka alfajiri wanarudi saa ya kawaida, waliokuwa wakipanda treni wanarudi kwenye magari, na wapya wanajenga huko huko kwa sababu ya barabara hiyo hiyo. Kodi ya nyumba ilipe kwa kutazama barabara iliyopo leo.

Jioni ipime nayo, angalau mara mbili, moja ikiwa Ijumaa. Watu hupima asubuhi tu wakasahau kwamba kurudi ndiko kunakoamua utaishi vipi. Baki mjini hadi saa mbili usiku siku moja, kisha jaribu kwenda huko. Gari la mwisho ni saa ngapi, na linafika hadi mwisho wa njia au linakatisha? Kutoka kituoni hadi nyumbani kuna taa? Mtu mzima hutembea kama mita 80 kwa dakika, kwa hiyo mita 800 ni dakika kumi mchana. Usiku, penye giza na barabara kubwa ya kuvuka isiyo na daraja la waenda kwa miguu, hizo si dakika kumi, ni sababu ya kuikataa nyumba.

Mengine ni ya haraka. Uliza majirani, si dalali, kuhusu maji na umeme. Pita baada ya mvua kubwa, utazame kama ukutani kuna mstari wa tope uliokauka. Ukija kununua gari baadaye, kumbuka na jua: anayeishi magharibi mwa jiji huendesha akiwa na jua usoni asubuhi na usoni tena jioni, anayeishi mashariki yake jua linakuwa mgongoni safari zote mbili. Ni jambo dogo hadi ulivumilie mwaka mzima.

Umesema pia kwamba nyumba kubwa "itafidia uchovu." Hapo sikubaliani nawe. Wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichunguza takwimu za Ujerumani, wakatarajia kukuta kwamba wasafiri wa mbali wamefidiwa kwa nyumba bora au mshahara mkubwa. Walikuta kinyume: kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo watu walivyoripoti kuridhika kidogo na maisha yao. Chumba cha tatu utakizoea baada ya miezi mitatu. Foleni haizoeleki, kwa sababu kila siku ina namna yake.

Kama mwajiri wako anaruhusu siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, hesabu inabadilika: siku 144 kwa mwaka badala ya 240, na umbali unavumilika zaidi. Hakikisha tu imeandikwa kwenye mkataba, maana ruhusa ya mdomo huondoka na meneja aliyeitoa. Na kwa kuwa kazi ni mpya, usichague nyumba kwa kufuata mlango wa ofisi hii peke yake. Chagua iliyo kwenye njia kuu inayofika sehemu nyingi za jiji, ili ukihama kazi usihame na nyumba.

Basi jibu langu ni hili. Kama siku mbaya kabisa ya kitongoji cha mbali haizidi dakika 75 mlango kwa mlango, umekaa, na gari moja tu, kichukue. Ikizidi hapo, kiache hata kodi iwe robo. Cha karibu nacho, kwa nusu ya mshahara, kichukue kwa miezi sita tu kama huna pa kushikilia, huku ukitafuta kile cha tatu kilicho mwanzo wa njia. Mwenye nyumba akidai kodi ya mwaka mzima, mwombe muda wa kupima kwanza. Akikataa, nyumba zipo nyingi.

Karatasi ya siku tano nitumie kabla hujalipa chochote, na andika kila kipande peke yake, usiniletee jumla.

Mama yako