Ndugu yako akikamatwa, andika saa

Mdogo wangu alikamatwa Ijumaa asubuhi kwa kesi ya wizi wa pikipiki, na mpaka leo watu wananiuliza kama hakuiba mbona alikiri, yaani hilo swali linaniuma sana. Hakupigwa hata kofi. Alinambia mwenyewe, "Kaka, walisema saini uende nyumbani, ukikataa tunamleta na mkeo," na shemeji alikuwa na mimba ya miezi 8. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Nilivyosoma yale maelezo ya onyo, yaani yale polisi wanayoandika kuwa mtuhumiwa ameyasema baada ya kuonywa, nikajua sio maneno yake. "Mnamo majira ya saa mbili usiku nikiwa na wenzangu tulikubaliana kutenda kosa." Dogo anaongea hivyo lini jamani?

Sasa sikilizeni. Kwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania, Sura 20, polisi wana saa 4 za kumhoji mtu tangu wamshike, wenyewe wanaweza kuongeza kwa utaratibu mpaka saa 8 zaidi, wakitaka muda mwingine lazima waombe kwa hakimu. Maelezo ya dogo yalichukuliwa Jumamosi jioni, na wao wakadai wamemkamata Jumamosi hiyohiyo mchana. Kilichotuokoa ni meseji ya jirani kwenye simu ya mama, "wamemchukua sasa hivi", Ijumaa saa 3 na dakika 10. Kwa hiyo andika saa, tunza meseji, nenda kituoni mapema uombe kumuona, sheria inamruhusu kuwasiliana na ndugu au wakili.

Kuhusu vitisho, msijidanganye. Ni kweli upande wa mashtaka ndio wathibitishe alikiri kwa hiari, lakini kwa Sheria ya Ushahidi tishio au ahadi peke yake haifuti maelezo, mahakama inaangalia kama lilikuwa la kumfanya mtu akiri uongo, ndo maana ile mimba ilibidi ielezwe vizuri.

Akipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani mtu asiye polisi mwenye mamlaka kisheria ya kuandika maungamo, ataulizwa alikamatwa lini, jana alilala wapi, kuna mtu kamtisha au kamuahidi kitu. Hapo aseme yote, kama ana jeraha avue shati aonyeshe.

Na wakili apinge kabla maelezo hayajapokelewa kama kielelezo, ili ifanyike kesi ndogo ndani ya kesi, ya kuangalia kama alikiri kwa hiari. Sisi nusura tuchelewe, wakili wetu alisimama hakimu ameshaishika ile karatasi mkononi.