Usipunguze upepo wa matairi kwa ajili ya barafu

Ndugu, umeuliza kama ukipunguza upepo kwenye matairi pikipiki itashika vizuri barabara yenye barafu. Tafadhali usifanye hivyo. Baridi yenyewe tayari inaushusha. Pima asubuhi kabla hujatoka, ujaze kama mtengenezaji alivyoelekeza. Shida kubwa ni mpira. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi la kawaida unakakamaa na haushiki tena lami.

Tena barafu ya kuogopa si ile nyeupe unayoiona. Ni ile nyembamba, angavu, inayofanya lami ionekane imelowa tu. Itegemee kwenye madaraja, maana hewa baridi hupita juu na chini yake, na kwenye kivuli cha miti ambako jua halijafika. Ukiona barabara inang'aa lakini magari ya mbele hayarushi maji, shuku barafu. Ukishaikanyaga, achia mafuta taratibu, usishike breki ya mbele, usikate kona. Iache pikipiki iende imenyooka.

Mwenye gari naye asidanganyike na magurudumu manne yanayovuta. Yanasaidia kuondoka, kusimama hayasaidii: kwenye barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara 10 ya ule wa lami kavu.

Kwa hiyo kama usiku mvua ilinyesha na asubuhi joto liko karibu na sifuri, nakusihi pikipiki iache ndani, angalau mpaka jua lipande.