Utomvu wa mnyaa kwenye chunjua

Je, utomvu wa mnyaa, yaani mmea wa Euphorbia tirucalli, huondoa chunjua? Ndiyo, umetumika hivyo tangu zamani, ila kazi yake ni kuunguza. Ule weupe unaotoka tawi likivunjwa una kemikali ziitwazo esta za phorboli na ingenoli, ambazo huchoma ngozi hadi itoe malengelenge. Ngozi ya pembeni isiyo na chunjua nayo huungua vilevile, kwa hiyo usoni, sehemu za siri na kwa watoto usiguse kabisa.

Kuunywa ili kuharisha au kutoa minyoo sikushauri hata tone: ni utomvu huohuo unaotumika kulevya samaki, na kemikali zake huamsha kirusi cha Epstein-Barr, kinachohusishwa na saratani ya Burkitt, ambayo ni saratani ya limfu.

Jicho ndilo linaloumia zaidi, hasa wakati wa kupogoa ua wa mnyaa. Ukirukiwa, osha papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kope zikiwa wazi, dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama unaona vizuri, kwa sababu maumivu makali na ukungu huweza kuja saa kadhaa baadaye. Mikono nawa kwa sabuni kabla utomvu haujakauka. Ukishaganda, maji matupu hayautoi.