Kijana wa miaka 13 na vyuma

Dada, umeuliza kama kunyanyua vyuma kutamdumaza mwanao wa miaka 13. Hapana. Hofu hiyo inatokana na gegedu laini lililo karibu na ncha za mifupa, ambako mfupa hurefukia. Linaweza kuumia kweli, ila chanzo huwa ni uzito uliopita kiasi, mkao mbovu au kukosa msimamizi.

Aanze bila chuma: kuchuchumaa na pushapu. Mtazame kwa ubavuni anapochuchumaa. Visigino vikinyanyuka au mgongo ukipinda, bado hajawa tayari kubeba kitu. Akishamudu, achukue dambeli nyepesi anazoweza kunyanyua mara 10 hadi 15 bila kuyumba, seti 1 au 2, siku 2 au 3 za wiki zisizofuatana. Uzito uongezwe asilimia 5 hadi 10 tu, tena mkao ukiwa safi. Kushindana na wenzake nani ananyanyua zaidi, marufuku kabisa.

Misuli isipotuna asivunjike moyo: kabla ya balehe, nguvu huongezeka hasa kwa sababu neva hujifunza kuiamsha misuli vizuri zaidi. Kiungo kikiuma na maumivu yasiishe, aache mazoezi aonwe na daktari.