Kabla tingatinga halijafika mtaani kwenu

Nimewahi kuwawakilisha wapangaji wa fremu kwenye barabara ya biashara iliyokuwa inaendelezwa upya: maduka chini, nyumba za bei nafuu juu. Ukiitwa kwenye mkutano wa mpango kama huo, usikae sana kwenye picha za ukutani. Kwenye picha miti imeshakua na hakuna anayedaiwa kodi. Omba mkataba kati ya mji na mwendelezaji, pamoja na viambatisho vyake, maana mambo mazito hufichwa huko nyuma.

Anza na hizo nyumba. Ukiambiwa sehemu yake itakuwa ya bei nafuu, uliza ni kipato cha nani kilichotumika kupima unafuu huo. Nchini Marekani kipimo cha kawaida ni kipato cha kati cha eneo zima la jiji (nusu ya kaya hupata zaidi yake, nusu pungufu), vitongoji vya wenye nazo vikiwemo. Nyumba iliyopangiwa kaya yenye asilimia 60 ya kipato hicho inaweza kabisa kuwashinda watu wa mtaa uleule inapojengwa. Hakuna aliyedanganya; hesabu iko sawa, ila waliohesabiwa ni wengine. Sisi tulipita mlango kwa mlango tukauliza watu wanalipa kodi kiasi gani kweli, kisha tukaweka karatasi yetu mezani kando ya kodi zilizopendekezwa. Mji na mwendelezaji hawakushusha zote. Lakini tangu siku hiyo walianza kutujibu kwa tarakimu badala ya hotuba.

Swali linalosahaulika ni unafuu huo utadumu hadi lini. Msamaha wa kodi ya mapato wa mwaka 1986 unaofadhili nyumba za namna hiyo Marekani kwa kawaida hubana kodi za pango kwa miaka 30 hivi. Baada ya hapo mwenye jengo anaweza kuwa huru kutoza bei ya soko. Miaka 30 inasikika mingi mpaka ukumbuke kwamba mtoto wa leo atakuwa na watoto wake.

Ndiyo maana mimi huwa nauliza ardhi itabaki mikononi mwa nani. Wien (Vienna), mji mkuu wa Austria, ilijenga zaidi ya nyumba 60,000 kati ya 1923 na 1934, na mpaka leo jiji ni mwenye nyumba mkubwa. Mtaa wa Dudley, Boston, ulikwenda mbali zaidi: mwaka 1988 wakazi waliojiunga pamoja walipewa mamlaka ya kutwaa viwanja vilivyotelekezwa, na ardhi ikawekwa chini ya amana ya jamii. Mtu anamiliki nyumba, ardhi haiuzwi. Voi, Kenya, walijaribu njia ya aina hiyo miaka ya 1990 katika mtaa wake uitwao Tanzania-Bondeni. Si rahisi, na inataka watu wasiochoka vikao, lakini sijaona kinga nyingine inayoweza kudumu kuliko uongozi uliotoa ahadi.

Sasa fremu, ambako wengi wetu tuliumia. Ahadi ya kwamba wafanyabiashara wa zamani watarudi haina uzito mpaka iandikwe watarudi kwa kodi gani, kwenye chumba cha ukubwa gani. Wachoraji wanapenda fremu kubwa zenye vioo virefu. Fundi viatu hawezi kuijaza, benki inaweza. Dai fremu ndogo zichorwe tangu mwanzo, kwa sababu kuligawa jengo likishakwisha ni gharama ambayo kila mtu ataikwepa. Mpishi aangalie kama kuna njia ya kutolea moshi na mtaro wa maji machafu. Bila hivyo chumba ni chake kwa jina tu.

Halafu kuna kipindi cha ujenzi chenyewe. Barabara ikichimbwa, mteja anazoea kwingine, na duka dogo halina akiba ya kusubiri. Tulipigania kazi ifanyike kwa vipande, upande mmoja uwe wazi wakati ule wa pili umefungwa, na njia ya waenda kwa miguu isikatwe. Tulichopata ni nusu yake. Kama ningekaa tena kwenye kamati ile, ningeanza na kifungu cha ucheleweshaji: mkandarasi akipitisha tarehe, nani anamlipa mwenye duka, kuanzia siku ipi, na fedha hizo zimewekwa kwenye akaunti gani kabla jiwe la kwanza halijawekwa.