Mvinyo mweupe wa Hermitage: baridi kidogo, subira nyingi

Kosa la kwanza hufanyika jikoni, kizibo hakijang'olewa. Chupa ya bei inalazwa kwenye friji usiku kucha, kisha inamiminwa ikiwa na nyuzi 4 au 5. Baridi hiyo huifunga harufu yote. Ulimini hubaki uzito mtupu na uchungu kidogo. Mvinyo huu unywewe kwenye nyuzi 12 hadi 14. Itoe chupa nusu saa kabla. Kwenye joto la Dar au Mombasa, dakika 20 zinatosha. Ukipita nyuzi 16, kilevi, ambacho mara nyingi kinakaribia asilimia 14, kitakuchoma pua.

Hermitage ni kilima kimoja tu juu ya mji wa Tain nchini Ufaransa, kando ya mto Rhône: takriban hekta 136, nyingi zimetazama kusini. Mteremko ni mkali, udongo umezuiwa kwa kuta za mawe, na mvua ikiuteremsha wakulima huupandisha tena. Mweupe wake hutoka kwenye zabibu za Marsanne, zinazoleta unene wa kama mafuta, na Roussanne, zinazoleta manukato. Mzabibu mkongwe huzaa vichala vichache, ndiyo maana juisi yake hukolea. Ila maneno "vieilles vignes", yaani mizabibu mikongwe, hayana umri uliowekwa na sheria ya Ufaransa. Muulize muuzaji ni miaka mingapi, lebo haitakuambia.

Kosa la pili ni la wakati, na ndilo linalopoteza chupa nyingi. Miaka mitatu minne ya mwanzo utasikia pichi na maua. Halafu mvinyo hununa: pengine mpaka mwaka wa kumi hautoi kitu, na watu hudhani umeharibika. Ukivumilia, huja asali, nta na njugu za kukaanga, ingawa sukari hamna. Rangi ya dhahabu iliyokolea isikutishe. Ulioharibika hunuka siki, au tofaa lililokatwa likaachwa hadi likawa la kahawia. Ukikuta umenuna tu, umimine kwenye jagi pana, subiri saa moja, onja tena.

Glasi iwe pana, ijae theluthi. Kamba wa nazi au samaki wa kupaka wanaufaa sana, lakini punguza ndimu: mvinyo huu una uchachu mdogo, na ndimu ikizidi huonekana umepooza. Pilipili nayo huwaka maradufu kwa kilevi hicho. Ukibaki, rudisha kizibo, weka kwenye friji. Kesho yake huwa umefunguka zaidi.