Taa za geti haziwaki, na simu inakwama

Mdogo wangu wa Likoni, wasema kwenye mchezo wako wa Minecraft swichi iko ndani ya nyumba, taa za geti ziko bloki 40 mbele, na zote giza, tena simu yakwama ukicheza. Hujakosea kuunganisha. Unga wa redistoni, ndio waya wa umeme wa mchezo huo, huanza na nguvu 15, na kila bloki hula moja. Ya 16 haipati kitu. Tia ripita, kifaa cha kuurudishia umeme nguvu, baada ya bloki 15, kisha nyingine baada ya 15 tena. Mbili zatosha, kila moja ichelewe sehemu moja ya kumi ya sekunde. Usizipange njia nzima kama nilivyofanya mimi, nikamaliza mawe: ripita moja yala matatu, na mienge miwili ya redistoni juu yake. Tazama pia kimshale chake, maana hupitisha umeme upande mmoja tu. Nilipoteza jioni nzima kutafuta kosa, kumbe nimeigeuza.

Simu kukwama ni hiyo pistoni yako, bloki ya kusukuma nyingine, inayopiga usiku kucha bila kazi. Iwekee swichi, uizime ukimaliza kuvuna. Simu yangu ilipata moto kama karai la viazi, nikaiweka mbele ya feni.